Toa trei ya betri ya gari nyumbani bila kupiga shoti

Karibuni tena, jamani. Leo tuna hii Corolla ya zamani, trei yake ya betri imeliwa na kutu kwenye kitako chake cha chuma, na tunaitoa hapa hapa uani. Gari limezimwa, ufunguo uko mfukoni kwangu. Vua pete na saa ya chuma, vaa glovu na miwani. Anayevuta sigara asogee mbali, maana betri ikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, na gesi hiyo hushika moto.

Sogea uone. Tunaanza na kichwa chenye alama ya kutoa, huu waya mweusi. Spana namba 10. Kwa nini mweusi? Kwa sababu umefungwa kwenye bodi. Ukianza na mwekundu, spana ikiteleza ikagusa bodi, umeshapiga shoti, na cheche zake si za mchezo. Mweusi ukishatoka, spana ikigusa bodi haina neno. Ukunje pembeni, ufunike na kitambaa usije ukajirudia wenyewe. Sasa fungua mwekundu.

Fungua bano la betri, nati uzitie kwenye kikopo. Nati ikidondokea chini ya injini utaitafuta mpaka magharibi. Betri inyanyue ikiwa wima, usiilaze, na tumia miguu, si kiuno: hii inafika kama kilo 15.

Unga mweupe huu kwenye trei usiupulize, umetokana na asidi. Koroga kijiko cha soda ya kuokea kwenye kikombe cha maji, mwagia taratibu. Unaona povu? Asidi bado ipo. Endelea mpaka povu likome, kisha suuza.

Trei ya plastiki hii inanyanyuka tu. Kazi iko kwenye kile kitako cha chuma chini yake. Bolti zenye kutu zipake mafuta ya kulegezea, kanywe chai, urudi baada ya robo saa. Umefungua zote na bado kimegoma? Weka nyundo chini. Mulika tochi: pengine kuna bolti imefichwa na tope, au klipu ya waya imebanwa ubavuni, kama hii hapa. Ibonye, itaachia.

Haya, kimetoka. Wakati wa kurudisha, mwekundu kwanza, mweusi mwisho. Saa ya dashibodi itakuwa imepotea, na vituo vya redio vyote vimefutika. Hivyo utavitafuta mwenyewe.