Tani Mia Zimeingia, Zimetoka Ngapi?

REHEMA: Karibuni tena kipindini. Leo hatuna mgeni, tuko wawili tu, kwa sababu kabla hatujawasha maiki kaka Juma alikuwa ananilalamikia habari za mpwa wake.

JUMA: Silalamiki, dada. Binti wa dada yangu kamaliza kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia na hisabati), kapata nafasi Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uhandisi kemikali. Mama yake anauliza: ndiyo atakuwa anatengeneza sabuni? Bibi yake kasikia tu neno "kemikali", kaanza kumwombea asije akaungua macho.

REHEMA: (anacheka) Mwambie bibi macho yatauma kwa kukesha, si kwa tindikali. Mimi nimesoma pale miaka minne. Siku nilizoshika tindikali nazihesabu kwa vidole. Kikokotoo ndicho kilichochakaa.

JUMA: Sasa kemia iko wapi hapo?

REHEMA: Ipo, lakini kozi yenyewe ni uhasibu. Mhasibu anafuata shilingi, sisi tunafuata kilo na joto. Kilichoingia kiwandani lazima kiwe kimetoka, au kimebaki ndani. Mizania ya maada, ndiyo hiyo. Ukiielewa vizuri, umepata ufunguo wa nusu ya masomo yanayofuata. Chukua karatasi.

JUMA: Mimi ni mtu wa historia, dada.

REHEMA: Chukua tu. Kiwanda cha sukari kimepokea tani 100 za juisi ya miwa iliyokwisha kusafishwa. Katika kila tani 100, tani 15 ni vitu vilivyoyeyuka, sukari ikiwa nyingi kuliko vyote. Tunataka shira nzito, yenye asilimia 65 ya vitu hivyo. Maji kiasi gani yaondoke?

JUMA: Zile 15 hazipungui?

REHEMA: Hazipungui, zinapita tu.

JUMA: Basi 15 iwe ndiyo asilimia 65 ya shira. Kumi na tano gawanya kwa sufuri nukta sita tano... 23 na kidogo. Kwa hiyo tani 77 hivi ni maji ya kuchemsha yaishe! Hizo kuni za nani?

REHEMA: Umeuliza swali la mhandisi bila kujua. Anayepika sukari guru ana karai lililo wazi na moto mmoja, mvuke wote unakwenda angani. Kiwandani vyombo vimepangwa vinne, vitano. Mvuke unaotoka kwenye juisi ya chombo cha kwanza unakuwa moto wa chombo cha pili, wa pili unakuwa moto wa tatu, hivyo hivyo. Vikiwa vinne, tani moja ya mvuke wa boila, lile tangi la kuchemshia maji, inaondoa maji karibu tani nne.

JUMA: Ngoja. Mvuke wa juisi inayochemka utachemshaje juisi nyingine? Joto si lile lile?

REHEMA: Hapo ndipo thermodainamiki, somo la joto na nishati, inapoingia, na wengi hapo ndipo wanapokamatwa sapu, mtihani wa kurudia. Uliwahi kupanda Kilimanjaro?

JUMA: Niliishia kambi ya pili, usinikumbushe.

REHEMA: Maharage huko juu hayaivi vizuri, kwa sababu maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100. Kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, ni ndogo. Kiwandani tunaupanda mlima bila kuondoka chini: kila chombo kinachofuata kina kanieneo ndogo kuliko kilichotangulia, cha mwisho kinanyonywa hewa kabisa. Juisi yake inachemkia joto la chini, kwa hiyo mvuke "uliochoka" bado unaitosha. Na boila lenyewe linachoma makapi ya miwa ile ile.

JUMA: Aisee. Haya, mambo haya ulifundishwa darasani?

REHEMA: Darasani nilifaulu mtihani. Kuelewa nilielewa PT, mafunzo ya vitendo. Wiki nane kiwandani, nami nilipangiwa zamu ya usiku. Kazi yangu ilikuwa kujaza jedwali la kilichoingia na kilichotoka, na kila saa kupima maji ya mvuke uliopoa, yale yanayorudi boila. Unaweka maji hayo kwenye tyubu na matone ya alfa-naftoli, kemikali ya kupimia sukari, unamimina tindikali ya salfa taratibu pembeni. Pakitokea pete ya zambarau, maji yana sukari. Na sukari ikiingia boila ni balaa: povu, uchachu, mabomba yanalika.

JUMA: Ikatokea?

REHEMA: Usiku wa tatu. Nikadhani tyubu chafu, nikaosha, nikarudia. Pete ile ile. Nikamkimbilia mzee wa zamu. Hakuuliza kitu, kwanza akageuza vali maji yamwagwe. Kumbe juisi ilijaa mno chombo cha pili, inaruka na kupanda na mvuke. Halafu akaomba jedwali langu. Siku mbili nzima lilikuwa limelingana vizuri sana. Akaniangalia: "Hizi umepima au umetunga?"

JUMA: Ulikuwa umetunga?

REHEMA: Pengo kati ya kilichoingia na kilichotoka lilikuwepo tangu siku ya kwanza, dogo. Nikajua nimekosea mimi, au mita imedanganya, nikazisukuma namba zikubaliane. Mwanafunzi bwana! Mwalimu anataka jibu linalolingana, unampa.

JUMA: Kumbe lile pengo ndilo lilikuwa habari yenyewe.

REHEMA: Ndiyo. Na fani imezaliwa humo humo. Uingereza, sheria ya mwaka 1863 ilivitaka viwanda vya magadi vinase angalau asilimia 95 ya gesi ya haidrojeni kloridi, iliyokuwa ikiua mimea ya majirani. Utajuaje ni 95 bila hesabu ya kuingia na kutoka? George Davis alikuwa mkaguzi wa sheria hiyo. Alizunguka viwandani akaona bidhaa ni tofauti, lakini kazi ni zile zile: kuchemsha, kuchuja, kukausha, kutenganisha. Mwaka 1887 akatoa mihadhara 12 Manchester juu ya hilo.

JUMA: Kwa hiyo anayejua shira anaweza kwenda kwenye bia?

REHEMA: Bia, saruji, maji safi, gesi. Wenzangu wengine wako benki, nisikudanganye. Viwanda havitoshi kila mtu. Na akihitimu asijiandike "Eng." kwanza, mpaka Bodi ya Usajili wa Wahandisi imsajili, na kabla ya hapo kuna miaka ya kufanya kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa.

JUMA: Na kudisko, kuondolewa chuo kwa kufeli?

REHEMA: Anayedisko mara nyingi ni yule anayekariri madesa, yale majibu na notsi za kunakili. Maswali ya mitihani iliyopita yanarudi na namba nyingine, na bomba limegeuzwa upande. Mwambie afanye hesabu mwenyewe, kwa mkono, hata kama bumu, pesa ya mkopo, limechelewa na ana njaa.

JUMA: Nitampigia leo. Ila bibi yake nimwambie nini?

REHEMA: Mwambie mjukuu anakwenda kusomea kupika, na sufuria zenyewe ni nne.