Kufungua poti kwenye ruta ya nyumbani: mlango mmoja, kifaa kimoja

Habari mtazamaji, karibu. Leo tunaingia kwenye ukurasa wa ruta ambao wengi huupita haraka kwa kuogopa kuharibu kitu: ukurasa wa poti. Tutafungua poti moja, tutaielekeza kwenye kompyuta moja, tutaijaribu kutoka nje, halafu tutaifunga. Kazi ya kwenye ukurasa wenyewe haimalizi dakika mbili. Muda mwingi nitautumia kwenye mambo mawili yanayotangulia, kwa sababu ndiko watu wanakokwama, kisha wanakesha wakibadilisha namba za poti ambazo tangu mwanzo zilikuwa sahihi.

Tuelewane kwanza poti ni kitu gani. Mara nyingi nyumba nzima ina anwani moja tu ya IP, yaani namba inayotambulisha kifaa mtandaoni, inayoonekana kwenye intaneti, hata kama ndani kuna simu tano, televisheni na kompyuta. Ukifungua tovuti, ombi limetoka ndani, kwa hiyo ruta inaandika kwenye jedwali lake nani ameomba nini, na jibu likirudi inajua limpelekee nani. Utaratibu huo unaitwa NAT. Lakini mtu akipiga hodi kutoka nje bila kuitwa, ruta haijui anamtaka nani, basi inamwacha nje. Ni vizuri ifanye hivyo. Sisi tunataka kuiambia jambo moja tu: anayepiga hodi kwenye mlango namba fulani, mpeleke kwa kifaa fulani. Milango hiyo ndiyo poti, na namba zake zinaanzia 0 hadi 65535.

Mfano wangu leo ni laptopu hii ya zamani. Nimeweka seva ya Minecraft toleo la Java ili marafiki waliopo mbali waingie tucheze. Seva hiyo hutumia poti 25565, itifaki ya TCP. Itifaki ni utaratibu wa kusafirisha data, na TCP na UDP ni aina zake mbili. Programu yako ikiwa nyingine, namba yake ipo kwenye maelezo ya programu hiyo. Usibahatishe, na angalia kama ni TCP au UDP, maana ukikosea hapo kila kitu kingine kitakuwa sawa na bado haitafanya kazi.

Haya, tuingie kwenye ruta. Fungua brauza, kule juu panapoandikwa anwani ya tovuti andika 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Zote mbili zikikataa, kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika ipconfig, bonyeza Enter, utafute mstari wa Default Gateway. Hiyo ndiyo anwani ya ruta yako. Jina la kuingilia na nenosiri mara nyingi viko kwenye kibandiko chini ya ruta. Kama nenosiri lako bado ni lile la kibandiko, simamisha video, libadilishe, halafu urudi. Nitakusubiri.

Tayari? Sasa jambo la kwanza kati ya yale mawili. Usikimbilie ukurasa wa poti. Nenda kwenye ukurasa wa hali ya ruta, huwa umeandikwa Status, utafute anwani ya IP ya upande wa WAN, yaani upande wa ruta unaotazama intaneti. Iandike kwenye karatasi. Kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako ya IP, ulinganishe. Zikifanana, endelea kwa amani. Zisipofanana, kuna ruta nyingine mbele yako. Ukiona ya kwako inaanza na 192.168 au 10, huenda una ruta mbili ndani ya nyumba, moja nyuma ya nyingine. Na ukiona iko kati ya 100.64 na 100.127, basi mtoa huduma wako amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Masafa hayo yalitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hasa, baada ya anwani za IPv4 kuanza kuadimika. Baadhi ya watoa huduma hutumia pia zile za 10.

Nakaa hapa kidogo kwa sababu jambo hili linawaumiza watu sana. Ukiwa nyuma ya anwani ya pamoja, hodi inaishia kwa mtoa huduma. Haifiki kwenye ruta yako kabisa. Hakuna kitu utakachobonyeza leo kikabadilisha hilo. Mpigie mtoa huduma, mwombe anwani ya IP ya umma. Baadhi hutoa wakiombwa, wengine kwa malipo. Kwa wenye ruta mbili, dawa ni kuigeuza mojawapo iwe daraja tu, ibaki ruta moja inayogawa anwani.

Jambo la pili: anwani ya laptopu ndani ya nyumba isihamehame. Ruta hugawa anwani za ndani kwa muda, na kifaa kikizimwa kikiwashwa kinaweza kupewa nyingine. Mimi hili lilinipotezea usiku mzima. Seva ilifanya kazi vizuri Jumamosi, Jumapili hakuna aliyeweza kuingia. Nikafuta sheria ya poti, nikaandika upya, nikawasha ruta upya mara tatu. Karibu na alfajiri ndipo nikatazama orodha ya vifaa: laptopu iliyokuwa 192.168.1.23 sasa ilikuwa 192.168.1.31, na ile 23 alikuwa nayo televisheni. Wageni wangu wote walikuwa wanapelekwa kwa televisheni.

Kwa hiyo fanya hivi. Fungua ukurasa wa DHCP, yaani huo utaratibu wa kugawa anwani za ndani, tafuta sehemu ya kuhifadhi anwani, mara nyingi imeandikwa Address Reservation. Chagua laptopu kwenye orodha, mpe anwani, mimi naandika 192.168.1.50, kisha hifadhi. Angalia sana hapa: ruta inakitambua kifaa kwa anwani yake ya MAC, yaani namba ya kadi yake ya mtandao, na laptopu moja ina MAC mbili, moja ya Wi-Fi na moja ya waya. Ukihifadhi ya Wi-Fi halafu ukachomeka waya, umehifadhi bure. Kwa seva mimi nashauri waya. Ukilazimika kutumia Wi-Fi, zima kwenye kompyuta ule mpangilio unaobadilisha MAC kila mara. Sasa chomoa waya, urudishe, andika ipconfig tena. Nimeona 50. Vizuri.

Ndiyo sasa tunakwenda kwenye poti. Kwenye ruta nyingi utaikuta chini ya Advanced au NAT, imeandikwa Port Forwarding. Nyingine huiita Virtual Server. Ni kitu kilekile. Bonyeza kuongeza sheria mpya. Jina, andika kitu utakachokielewa mwakani. "Jaribio" halitakuambia chochote, mimi naandika "minecraft laptopu". Poti ya nje, 25565. Poti ya ndani, 25565. Anwani ya ndani, 192.168.1.50. Itifaki, TCP. Hifadhi. Basi.

Wengine huchagua TCP na UDP pamoja "kwa usalama". Si usalama, ni kufungua mlango wa pili ambao hakuna anayeutumia. Na mtu akikushauri utumie DMZ kwa sababu ni rahisi, mkatalie. DMZ inachukua kila hodi isiyokuwa na sheria yake, poti zote, na kuipeleka kwenye kifaa kimoja. Umekitoa nje ya ukuta.

Usisahau kompyuta yenyewe ina fayawoli yake, yaani mlinzi anayezuia miunganisho isiyoruhusiwa. Seva ikiwashwa mara ya kwanza Windows huuliza kama uiruhusu. Kama ulibonyeza hapana bila kusoma, rudi kwenye mipangilio ya fayawoli uiruhusu.

Sasa tujaribu. Seva lazima iwe imewashwa, kwa sababu poti isiyo na programu inayosikiliza itaonekana imefungwa hata kama ruta iko sawa. Chukua simu, zima Wi-Fi, tumia data ya laini. Usijaribu ukiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani, kwa kuwa ruta nyingi haziwezi kukutoa nje na kukurudisha ndani kwa anwani yako mwenyewe. Utadhani umeshindwa na kumbe umefaulu. Kwenye simu fungua tovuti ya kupima poti, andika ile anwani ya WAN uliyoiandika kwenye karatasi na namba 25565.

Jibu lenyewe lisome kwa makini, lina maana. Likija haraka kwamba muunganisho umekataliwa, mara nyingi hodi imefika mpaka kwenye kompyuta ila hakuna programu iliyoitikia: kagua seva. Ikizunguka muda mrefu kisha ikakata tamaa, hodi imemezwa njiani: kagua fayawoli, kagua anwani ya ndani, halafu rudi kwenye ile anwani ya WAN. Yangu inasema iko wazi. Wape marafiki anwani waingie. Na kwenye mipangilio ya seva washa orodha ya wanaoruhusiwa, ili asiyealikwa asiingie.

Kwa sababu wasioalikwa watakuja. Kuna programu zinazopita intaneti nzima mchana na usiku zikijaribu milango. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kilikusanya kamera na ruta za majumbani kupitia poti 23, kwa kutumia tu manenosiri ya kiwandani, na mwezi Oktoba vifaa hivyo vikaishambulia kampuni ya Dyn hadi Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi. Mwaka uliofuata WannaCry ilisambaa kupitia poti 445 ya kushirikiana mafaili, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Kwa hiyo 23, 445, na 3389 ya kuongoza kompyuta ukiwa mbali, nakuomba usizielekeze kabisa. Kubadilisha namba ya nje hakuzifichi, kwani wanapima namba zote. Ukitaka kuona kamera zako ukiwa safarini, weka VPN nyumbani, yaani njia ya siri ya kuingia mtandao wako ukiwa mbali, kwa mfano WireGuard ambayo kwa kawaida hutumia poti 51820 ya UDP, uingie ndani kwanza kisha uzitazame. Asiye na ufunguo hata hajibiwi.

Ukiwa bado humu, fungua ukurasa wa UPnP. Hii huruhusu vifaa kujifungulia poti vyenyewe bila kukuuliza. Tazama jedwali lake: hapa kwangu kuna poti mbili sikuzifungua mimi, zimefunguliwa na kifaa cha 192.168.1.18. Kama una mashine ya michezo inayoihitaji, utaamua mwenyewe. Mimi naizima.

Mchezo umeisha, marafiki wameaga. Narudi kwenye orodha ya sheria, "minecraft laptopu", naitoa alama ya kuwashwa. Siifuti, wikiendi ijayo nitaiwasha tena. Hifadhi. Nachukua simu, Wi-Fi bado imezimwa, napima 25565 mara ya pili. Inazunguka, inazunguka, imefungwa.