Don King: mashabiki wanagombania nini hasa?

Assalamu alaykum. Wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana wa klabu za ngumi, wa Unguja na mliovuka kutoka Pemba, ahsanteni kwa kufika.

Mada niliyopewa ni Don King, promota wa Kimarekani, yaani mwandaaji wa mapambano ya ngumi. Litaje jina hilo pale Jaws Corner, kahawa itapoa kabla watu hawajapatana. Mmoja atasema bila yule mzee wa nywele zilizosimama, Afrika isingeliona pambano la ubingwa wa dunia wa uzito wa juu mwaka 1974. Mwengine atasema yule kala jasho la mabondia maisha yake yote. Wote wawili wana ushahidi. Ila wa kwanza anasoma dau, yaani malipo ya bondia, lililotangazwa, na wa pili anasoma kilichobaki mkononi mwa bondia baada ya makato. Mie nataka tusome kote kuwili.

Wanaomsifu kwanza, maana wajuaji huwapuuza. King kazaliwa Cleveland mwaka 1931, akaendesha kamari za mtaani, akafungwa kwa kumuua mtu, akatoka jela 1971. Gavana wa Ohio alimsamehe baadaye, mwaka 1983. Miaka mitatu tu baada ya kutoka jela alikuwa na sahihi za Muhammad Ali na George Foreman, kila mmoja kaahidiwa dola milioni 5. Fedha hizo hakuwa nazo. Alichukua sahihi kwanza, ndipo zikatafutwa za kulipa, na serikali ya Mobutu ikaingia kwa sababu Zaire ilitaka kujulikana duniani. Pambano lilikuwa liwe Septemba 25. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, likasogezwa hadi Oktoba 30, likapigwa Kinshasa usiku wa manane ukielekea alfajiri ili Marekani walione jioni yao. Ali akamaliza kazi raundi ya 8.

Hiyo ndiyo kazi ya promota: sahihi, mlipaji, na saa ya kuonyeshwa. Ulingo na muziki hupangwa na yeyote. Na hakubahatisha mara moja. Februari 1993 alijaza uwanja wa Azteca, Mexico City, watu zaidi ya 130,000, kumwangalia Julio César Chávez. Mwaka huo huo alimsaini Christy Martin, wakati mapromota wengi hawakutaka hata kusikia habari ya ngumi za wanawake. Anayesema King hakujua kazi hajui kazi yenyewe.

Sasa makato. Oktoba 1980 Ali, keshachoka, alipigana na Larry Holmes Las Vegas. Mkataba ulisema dola milioni 8. Ali alipokea pungufu ya zaidi ya milioni moja, akamshitaki King, kisha akaifuta kesi kwa kulipwa dola 50,000. Alikuwa mgonjwa tayari. Hapa hata shabiki mkubwa wa King huinamisha kichwa.

Kesi inayotufundisha zaidi, lakini, ni ya Tim Witherspoon. Julai 1986 alitetea mkanda wake Wembley dhidi ya Frank Bruno na akamshinda kabla ya muda, raundi ya 11. Bingwa aliyeshinda aliondoka na kiasi cha dola 90,000, mara nyingi chini ya alichopata Bruno aliyeshindwa. Ilikuwaje? Promota wake alikuwa Don King, na meneja wake alikuwa Carl King, mtoto wa Don. Meneja kazi yake ni kumbana promota aongeze dau. Mtoto atambana babake? Witherspoon alishitaki, na kesi ikamalizwa nje ya mahakama kwa fedha nyingi. Mike Tyson naye alidai dola milioni 100 mwaka 1998. Mwaka 2004 wakamalizana kwa milioni 14. Watetezi wa King watakujibu, na si uongo, kwamba Tyson alipotoka jela ni King aliyempatia madau ya milioni 25 na 30 kwa usiku mmoja.

Tulete hesabu hapa kwetu. Tuseme bondia kaahidiwa shilingi milioni 10, na bango lishabandikwa Darajani. Meneja anachukua asilimia 33: milioni 3.3. Kocha asilimia 10: milioni 1. Ada ya chama chenye mkanda asilimia 3: laki 3. Imebaki milioni 5.4. Kambi ya mazoezi ya siku 30, kwa 60,000 kwa siku, ni milioni 1.8. Imebaki 3.6. Kisha kuna milioni 1 na nusu aliyokopeshwa mwezi uliopita. Anatoka ukumbini na milioni 2.1, na mtaa mzima unamwita tajiri. Hakuna aliyeiba hapo, ikiwa kila kato limeandikwa na kambi ni ya bei ya kweli. Lakini meneja akiwa ndugu wa promota, na kambi ikiwa nyumba ya promota, milioni 5.1 zimerudi mfuko ule ule zilikotoka.

Hila nyengine ni haki ya mapambano yajayo. Promota wa bingwa anamwambia mpinzani: ukitaka kupigana na mtu wangu, saini kwamba ukishinda utakuwa wangu. Kwa hiyo yeyote atakayeanguka, promota hajaanguka. King aliutumia mtego huu kuushika uzito wa juu kwa miaka. Sheria ya Marekani ya mwaka 2000, iliyopewa jina la Muhammad Ali, iliubana usizidi miezi 12, ikakataza meneja kuwa na maslahi kwa promota katika mapambano ya raundi 10 na zaidi, na ikamlazimisha promota amwonyeshe bondia anachoingiza na anachomkata. Mtaona vifungu vyote vitatu ni kama vimepimwa kwa fundi juu ya kiwiliwili cha King.

Sisi hapa ngumi zilikatazwa baada ya Mapinduzi, na ruhusa imerudi wakati wa Rais Hussein Mwinyi. Miongo yote hiyo kijana mwenye mkono alivuka kwenda Bara. Kwa hivyo tuna mabondia na tuna mashabiki, lakini mameneja waliokomaa ni haba. Pengo hilo promota atalijaza mwenyewe ukimwachia. Atakuwa promota, meneja, mwenye kambi na mkopeshaji.

Pambano likivunjika usiku ule ule, mara nyingi chanzo ni kimoja: promota alitegemea mapato ya mlangoni kulipa madau. Mdhamini kachelewa, tiketi za bure zimejaa viti vya mbele, bondia kakaa chumbani anasema haingii ulingoni mpaka alipwe, na mapambano ya utangulizi yanavutwa hadi saa nane za usiku. Dawa yake ni fedha zote ziwekwe benki, chini ya kamisheni inayosimamia ngumi, kabla ya kupima uzito. Mpinzani wa kigeni afike siku tatu kabla. Akisubiri boti ya mwisho kutoka Dar, bahari ikichafuka huna pambano. Tiketi ziwe na namba na vishina, vihesabiwe mbele ya mtu wa bondia. Na bondia asikubali kulipwa kwa tiketi za kuuza mwenyewe. Hapo kageuzwa mchuuzi, na hasara ni yake.

Kwenye mkataba, vijana, tafuteni vifungu vinne: dau likiwa safi au kabla ya makato, pambano likifutwa nani analipa gharama za kambi, mpinzani akibadilishwa una haki ya kukataa, na promota ana haki ya mapambano mangapi baada ya hili, kwa muda gani. Hiki cha mwisho huandikwa kwa herufi ndogo, ukurasa wa nyuma. Sheria ile ya Marekani haivuki bahari, basi kisipoandikwa mwezi wa kikomo, hakina kikomo.

Nina nakala za mkataba wa mfano hapa mezani, kwa Kiswahili. Walio nyuma wapitishiwe kwanza, halafu tuje kwenye maswali.