Kuweka InfluxDB kwenye Kubernetes bila kupoteza vipimo

Karibu, mtazamaji. Leo tunaiweka InfluxDB 2, hifadhidata ya vipimo, kwenye klasta (kundi la mashine) ya Kubernetes, mfumo unaoendesha programu ndani ya kontena. Tunataka podi, yaani kifurushi kinachobeba kontena hilo, ikifa saa nane za usiku, vipimo vyote viwepo asubuhi. Mfano wetu ni joto la friji za chanjo kwenye zahanati. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na mhudumu anayetaka kujua kama chanjo bado zinafaa hatosheki na joto la sasa hivi. Anataka kuona kilichotokea umeme ulipokatika jana usiku. Ndiyo maana tunahitaji hifadhidata ya mfululizo wa wakati, ambayo kila kipimo ndani yake kina saa yake.

Mimi natumia k3s, aina ndogo ya Kubernetes, kwa sababu ni nyepesi na inakaa hata kwenye mashine ndogo. Fungua terminali, hakikisha nodi zako (mashine za klasta) ziko Ready, kisha uitengee kazi hii sehemu yake:

kubectl get nodes
kubectl create namespace vipimo

Sasa siri. Tengeneza faili liitwalo siri.env, uandike mistari hii saba:

DOCKER_INFLUXDB_INIT_MODE=setup
DOCKER_INFLUXDB_INIT_USERNAME=msimamizi
DOCKER_INFLUXDB_INIT_PASSWORD=weka-lako-refu
DOCKER_INFLUXDB_INIT_ORG=afya
DOCKER_INFLUXDB_INIT_BUCKET=chanjo
DOCKER_INFLUXDB_INIT_RETENTION=90d
DOCKER_INFLUXDB_INIT_ADMIN_TOKEN=weka-tokeni-hapa

Tokeni usiibuni kichwani. Endesha openssl rand -hex 32, nakili inachokupa. Kisha:

kubectl create secret generic influx-siri -n vipimo --from-env-file=siri.env

Faili hili lisiingie Git hata kidogo. Na ujue kwamba Secret ya Kubernetes kwa kawaida imegeuzwa tu kuwa base64, haijafichwa kwa ufunguo. Mwenye ruhusa ya kuisoma ataisoma. Jambo la pili ambalo wengi hulikuta baadaye: mistari hii saba hutumika mara moja tu, hifadhidata inapowaka kwa mara ya kwanza ikiwa tupu. Ukibadilisha nywila ndani ya Secret mwezi ujao, InfluxDB haitajali. Utaibadilisha ndani ya InfluxDB yenyewe.

Tufungue faili kuu, influxdb.yaml. Linaanza na Service (anwani ya kuifikia podi) ndogo iitwayo influxdb, yenye clusterIP: None na mlango 8086. Hapo hakuna la kutuchelewesha.

Chini yake ndipo kazi ilipo. Tunatumia StatefulSet, si Deployment. StatefulSet huipa podi jina lisilobadilika, influxdb-0, na diski yake yenyewe. Podi ikifa, inayozaliwa hurudi na jina lilelile na kufungiwa diski ileile. Kwenye serviceName andika influxdb. Imeji iwe influxdb:2.7, usiandike latest, kwa sababu toleo kuu likibadilika siku podi inapozaliwa upya, utakuwa umeikabidhi data yako kwa programu usiyoijaribu. Siri tunaziingiza kwa envFrom, tukitaja influx-siri.

Kwenye replicas weka 1, na uiache hapo. Najua mkono unawasha kuandika 3 ukidhani umejikinga. InfluxDB 2 ya bure haina uwezo wa kujigawa kwenye klasta. Podi tatu zitakuwa hifadhidata tatu zisizojuana: kipimo kimoja kitaangukia hii, kingine ile, na grafu yako itakuwa na mapengo usiyoyaelewa.

Diski sasa. Tazama skrini kwa makini:

volumeClaimTemplates:
- metadata:
    name: data
  spec:
    accessModes: ["ReadWriteOnce"]
    resources:
      requests:
        storage: 20Gi

Halafu, kwenye volumeMounts ya kontena, diski hiyo data iunganishwe na /var/lib/influxdb2. Kosea njia hii kwa herufi moja na kila kitu kitaonekana kinafanya kazi, ila data itakuwa inaandikwa ndani ya kontena na kufutika pamoja nalo.

Unayetumia k3s, sikiliza hapa. Hifadhi yake ya kawaida inaitwa local-path, na huweka data kwenye diski ya nodi moja. Nodi hiyo ikizimika, podi haiwezi kuhamia kwingine. Haitafanya kazi hadi nodi irudi. Zile 20Gi nazo local-path haizisimamii, kwa hiyo hifadhidata inaweza kuzipita na kuijaza nodi nzima. Kwa majaribio inatosha. Kwa zahanati zinazoitegemea, tafuta hifadhi inayoweka nakala kwenye nodi zaidi ya moja, kama Longhorn.

Bado kuna ukaguzi wa afya. InfluxDB huandika kwanza kwenye jarida liitwalo WAL, na ikizimika ghafla hulisoma upya inapowaka. Data ikiwa nyingi, usomaji huo huchukua muda. Ukiweka livenessProbe (ukaguzi wa kama podi bado iko hai) peke yake, Kubernetes itadhani podi imekufa, itaiua ikiwa katikati ya kusoma, na mzunguko utaanza tena. Kwa hiyo tangulia na startupProbe (ukaguzi wa wakati wa kuwaka) inayouliza /health kwenye mlango 8086, periodSeconds: 10, failureThreshold: 30. Hapo umeipa dakika 5 za kuamka. Panapokatika umeme mara kwa mara, ongeza.

Hifadhi faili, tuma:

kubectl apply -n vipimo -f influxdb.yaml
kubectl get pods,pvc -n vipimo

Diski inaweza kuonekana Pending kwa muda mfupi. Usishtuke, local-path husubiri podi ipangiwe nodi kwanza. Ikishakuwa Bound na podi Running, ingia ndani:

kubectl exec -it influxdb-0 -n vipimo -- bash
influx write --org afya --bucket chanjo --token $DOCKER_INFLUXDB_INIT_ADMIN_TOKEN 'friji,namba=f1 joto=4.6'

Hapo friji ni aina ya kipimo, namba ni lebo, joto ni thamani. Kwenye lebo weka vitu vichache vinavyojirudia: namba ya friji, jina la zahanati. Usiweke kitu kinachobadilika kila kipimo, maana kila thamani mpya ya lebo huzaa mfululizo mpya na RAM huisha.

Toka kwa exit. Sasa tuiue podi kwa makusudi:

kubectl delete pod influxdb-0 -n vipimo

Ngoja irudi Running, ingia tena, uliza:

influx query --org afya --token $DOCKER_INFLUXDB_INIT_ADMIN_TOKEN 'from(bucket:"chanjo") |> range(start:-1h)'

4.6 ipo? Vizuri. Haipo? Rudi kwenye volumeMounts kabla ya kuunganisha friji hata moja. Usiruke jaribio hili.

Kuangalia kwa kivinjari, tumia kubectl port-forward -n vipimo pod/influxdb-0 8086:8086, ufungue localhost:8086. Usiuanike mlango huu kwenye intaneti bila TLS (usimbaji wa mawasiliano) mbele yake.

Mwisho ni nakala rudufu, kwa sababu diski inayodumu haikukingi na mtu atakayefuta bucket, yaani chombo chenye vipimo vyetu. Ndani ya podi:

influx backup /tmp/nakala --token $DOCKER_INFLUXDB_INIT_ADMIN_TOKEN

Kisha, ukiwa nje:

kubectl cp vipimo/influxdb-0:/tmp/nakala ./nakala

Ipeleke mashine nyingine, nje ya klasta hii. Na wiki hii hii washa InfluxDB tupu pembeni, uirudishe nakala hiyo kwa influx restore, uone kama 4.6 inatokea.