Uyoga Huharibikia Kwenye Pipa, Si Kwenye Mbegu

Ndugu wakulima, nanyi vijana mlioketi nyuma, naanza na jambo ambalo nimelisema katika kila ukumbi nilioalikwa: mkulima wa uyoga wa mamama akipata hasara, mara nyingi chanzo si mbegu, bali ni pipa la kuchemshia mabua yanayojazwa kwenye mifuko ya kuoteshea uyoga. Ukungu wa kijani ukitanda ndani ya mfuko, lawama zote humwangukia aliyeuza mbegu, ilhali ukungu huo, unaoitwa Trichoderma, aghalabu ulikuwamo tayari kwenye mabua ya mpunga na majani makavu ya migomba yaliyoletwa kutoka shambani.

Uyoga si mmea; haujitengenezei chakula kwa mwanga wa jua. Utandu wake, yaani zile nyuzi nyeupe, hutoa vimeng'enya vinavyovunja selulosi, yaani nyuzi zinazojenga mmea, na hata lignini, ile inayoupa mti ugumu wake, kisha hufyonza kilichovunjwa. Kazi hiyo ni ya taratibu. Trichoderma haina subira hiyo: hukimbilia sukari nyepesi, huenea upesi, na hata huushambulia utandu wenyewe. Kwa hiyo hatuchemshi ili kuua kila kilicho hai, bali kuwapunguza maadui mpaka utandu uutawale mfuko, jambo linalochukua majuma mawili hadi manne.

Kwa mabua matupu, nyuzi 65 hadi 80 za Selsiasi kwa saa moja au mbili zinatosha, mradi joto lifike katikati ya pipa na si pembeni tu. Tatizo ni pumba. Mkulima akisikia kwamba pumba huongeza mavuno, huzimimina kwa wingi na kuchemsha kwa muda ule ule wa zamani, kana kwamba chakula hicho kitaliwa na uyoga peke yake! Ukiongeza pumba, ongeza na saa za mvuke. Punje za mtama zinazotengenezewa mbegu zina lishe nyingi kiasi kwamba maabara huzipitisha kwenye mvuke wa shinikizo wa nyuzi 121, wala hakuna anayethubutu kupunguza.

Najua mtaniambia kuni ni ghali, na hoja hiyo ni ya haki. Basi lowekeni mabua usiku kucha katika maji ya chokaa, mkiwa mmevaa glavu kwa sababu chokaa huunguza ngozi. Ukali wake hudhoofisha vimelea vingi bila moto. Kisha yachujeni mpaka ukiyakamua kwa kiganja yatoe matone machache tu. Lakini njia hii ni ya mabua matupu. Asiyetaka kuacha pumba asiitumie, na nisiulizwe tena.

Muda umenibana, hivyo mengine nayataja kwa kifupi. Utandu ukishajaa, banda lipate mwanga hafifu, unyevu wa asilimia 80 hadi 90 na hewa safi, kwani hewa ya ukaa ikizidi mashina hurefuka na kofia hubaki ndogo. Vuneni kabla kingo za kofia hazijajikunja kuelekea juu, maana baada ya hapo uyoga humwaga hewani vijimbegu vingi, yaani vumbi laini unalozaliana kwalo, na anayevivuta kila siku anaweza kupata maradhi ya mapafu. Kwa hiyo kila anayeingia bandani kuvuna afunike pua na mdomo, hata kama banda ni dogo.