Faili Ilikaa Mezani Kwetu

Oyawore! Na nyinyi mliotoka Kakamega na Busia tangu alfajiri, mulembe.

Nimeombwa nizungumze kuhusu vibali vya kazi vya wageni wanaoajiriwa na mashirika yetu ya misaada. Kazi ya kubeba faili hizo nimeifanya miaka mingi, tangu enzi za kupanda basi la usiku hapa Kisumu ili saa mbili asubuhi uwe kwenye foleni ya Jumba la Nyayo, ofisi kuu ya Uhamiaji kule Nairobi. (Wazee wa rika langu hata leo wakiingia jumba lile huangalia ngazi za kushukia chini, kulikokuwa na vyumba vya mateso. Tuyaache hayo.)

Nianze na kisa. Shirika moja nililowahi kufanyia kazi, jina nitalimeza, lilipata pesa za mwaka mmoja za kuchimba visima kule Nyando. Mfadhili akataka mhandisi wa maji kutoka Uholanzi. Mkataba wa pesa ukatiwa sahihi Januari. Barua ya ajira ya huyo bwana ikatoka mwisho wa Machi, maana wakubwa wa Ulaya walikuwa bado wanabishana nani atalipa kodi ya nyumba yake Milimani. Vyeti vyake vilikuwa vya Kiholanzi, na kuvitafsiri kwa njia inayokubalika kukamaliza Aprili. Ombi tulilipeleka Mei. Kibali kikatoka Agosti. Kufikia hapo mwaka wa mfadhili umebakiza miezi minne, mvua za vuli zinabisha hodi, na nyote mnajua mto Nyando ukifura gari la kuchimbia halipiti Ahero.

Ofisi nzima ikawa wimbo mmoja: Uhamiaji wametuangusha. Mimi niliyeibeba ile faili nikahesabu kwa vidole. Wao walikaa nayo miezi mitatu. Sisi tuliikalia minne, na hakuna aliyetaka kuisikia hesabu hiyo.

Sisemi serikali haina lawama. Mtandao hukwama, unaambiwa ombi "linashughulikiwa" wiki baada ya wiki, halafu unaombwa karatasi uliyokwisha kuipeleka. Lakini ya serikali hatuwezi kuyarekebisha tukiwa ukumbini hapa.

Sheria inayotuhusu ni ile ya Uraia na Uhamiaji ya 2011. Wengi wenu mtashughulika na daraja mbili za kibali. Daraja D ni ya mtu aliyeajiriwa kwa ujuzi ambao hapa haupatikani kwa urahisi. Daraja I ni ya walio katika shughuli za dini au hisani zilizoidhinishwa, na ada yake ni nafuu mno ukilinganisha na D. Unafuu huo ndio mtego. Watu hukimbilia I bila kujiuliza kama kazi iliyoandikwa kwenye barua ya ajira inaingia humo. Pia angalieni cheti cha shirika lenyewe. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilipitishwa 2013, ikalala miaka kumi na moja, ikaamka Mei 2024 na kuchukua nafasi ya ile ya 1990 ya mashirika yasiyo ya kiserikali. Ukipeleka ombi huku usajili wako haujakaa sawa, usimlaumu karani.

Tena kuna bodi za taaluma. Daktari wa kigeni hashiki mgonjwa bila leseni ya baraza la madaktari, na mhandisi naye ana bodi yake. Kwa Mholanzi wetu, hilo tulilikumbuka Juni!

Sasa nifike panaponiuma. Katika maombi ya daraja D tunatakiwa kuonyesha Mkenya atakayejifunza kazi ile kwa mgeni, ili mgeni akiondoka pengo lisibaki. Nani hapa hajawahi kuandika jina la mtu aliye karibu tu, ili nafasi ijae? Naona mnacheka. Mimi niliandika jina la kijana wa stoo. Kijana mzuri, mwenye diploma, lakini katika mwaka mzima hakuwahi kushika ramani ya kisima. Tulipotaka kuongeza muda wa kibali, ofisa akauliza swali moja tu: huyu amejifunza nini? Sikuwa na jibu, na ofisa alikuwa na haki. Mji huu umejaa vijana waliomaliza Chuo Kikuu cha Maseno wanaoendesha bodaboda na vyeti vyao viko chini ya godoro. Wakituona tunamleta mgeni kwa kazi ambayo mmoja wao angeifanya baada ya mwaka wa kufundishwa, manung'uniko yao si chuki.

Bwana mmoja ameniandikia kikaratasi: "Na wale wa kujitolea, wa miezi miwili tu?" Ndugu yangu, kujitolea nako ni kazi. Tangu Januari 2024 viza imeondolewa na mgeni kwa kawaida huja kwa idhini ya kielektroniki, lakini idhini ya matembezi haimruhusu kufundisha darasani wala kupima watoto uzito. Kwa kazi ya muda mfupi kuna pasi maalumu, isiyozidi miezi sita. Ule ujanja wa kumvusha mtu Busia, anywe soda upande wa Uganda na kurudi na muhuri mpya, uacheni. Akikamatwa, na aliyemwajiri yumo: faini hadi shilingi 500,000, au kifungo hadi miaka mitatu, au vyote viwili.

Kuhusu jirani zetu wa Uganda na Rwanda, wao hawalipi ada ya kibali. Kibali chenyewe bado wanakihitaji, na hapo wengi huteleza wakidhani Jumuiya ya Afrika Mashariki imefuta kila kitu.

Mama aliyeketi karibu na dirisha aliniuliza kabla hatujaanza, kuhusu muuguzi Mkongo ambaye ni mkimbizi: je, shirika lake linaweza kumwajiri? Mama, kuna daraja M, ni ya wakimbizi, na haina ada. Ajisajili kwanza na Baraza la Wauguzi, kisha njoo na barua yake ya utambulisho wa ukimbizi tuiangalie pamoja wakati wa chai. Tafadhali uje na nakala, ile halisi iache nyumbani.