Kuacha Yuniti Ngumu, na Majuto Yanayofuata

Wanafunzi, na wazazi mliovuka feri kuja kutusikiliza hapa Tudor, Mombasa, asanteni. Nitaanza na makaratasi kabla ya moyo, maana majuto mengi ya wanafunzi huanzia kwenye tarehe iliyopita bila mtu kuiona.

Kuna kuacha yuniti, yaani somo moja la muhula, na kuna kuitoroka. Anayeacha huingia kwenye tovuti ya chuo muda wa usajili ungali wazi, aghalabu wiki mbili tatu za mwanzo wa muhula, akaiondoa, akachapisha orodha mpya na kuiweka. Anayetoroka huacha tu kwenda darasani. Jina lake limebaki, mtihani unafika, na asipotokea bila udhuru ulioandikwa huhesabiwa ameanguka.

Mtego ni huu: jaribio la kwanza mara nyingi huja usajili ukiwa umeshafungwa. Kwa hivyo jipime mwenyewe wiki ya pili. Tafuta mtihani wa zamani wa yuniti inayotangulia hiyo, si wa hiyo yenyewe, ukae nao saa mbili bila daftari. Ukishindwa nusu yake, tatizo ni msingi, na kukaza roho muhula huu hakutaujenga. Ukiuweza, basi unachokiogopa pengine ni mhadhiri tu, na mhadhiri si sababu ya kuacha.

Ikiwa alama za muhula zimeshatoka, piga hesabu. Vyuo vyetu vingi huweka 30 za muhula na 70 za mtihani, na kupita ni 40. Mwenye 18 kati ya 30 anahitaji 22 tu kati ya 70, huyo abaki. Mwenye 9 anahitaji 31. Hapo ndipo pa kumwona mkuu wa idara, kwa barua, na cheti cha hospitali ikiwa ulikuwa mgonjwa.

Tazama pia mnyororo. Yuniti nyingi hufundishwa mara moja kwa mwaka. Ukiacha Kalkulasi ya Kwanza Septemba, utaikuta Septemba ijayo, na ya Pili itakungoja nyuma yake. Yuniti moja ya kuchagua haikucheleweshi. Hii ya mnyororo yaweza kukuongezea mwaka mzima, pamoja na karo yake. Aliye na mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, aulize mapema mwaka huo utalipwa na nani.

Sasa majuto. Wanasaikolojia Gilovich na Medvec walionyesha mwaka 1995 kwamba kwa muda mfupi watu huumia zaidi kwa walichokifanya, na miaka ikisonga huumia zaidi kwa ambacho hawakukifanya. Kwa hiyo uchungu wa wiki ya kwanza haukuambii kama uamuzi ulikuwa mbaya. Ungekuja hata kama ulikuwa sawa.

Majuto nayo hayalinganishi kwa haki. Hukuonyesha wewe uliyeacha, kisha yakakuwekea mbele wewe wa kubuni aliyebaki akapata A. Yule aliyebaki akaanguka, akarudia mtihani na kuharibu yuniti nyingine nne, hatajwi. Dawa yake ni karatasi iliyoandikwa siku ileile ya kuacha: alama zako, saa ulizosoma kwa wiki, ulilala saa ngapi, yuniti gani nyingine zilikuwa zinazama, nani ulimwomba ushauri. Weka tarehe. Ukianza kujilaumu, isome hiyo. Usitegemee kumbukumbu, baada ya miezi mitatu itakwambia haikuwa ngumu hivyo.

Wazazi nao waambiwe wiki hiyohiyo, na waambiwe kwa tarehe: nimeiacha hii, nitairudia mwezi fulani, nitamaliza mwaka fulani. Mzazi wa Mombasa husikia “nimeacha” akadhani chuo kizima, na kabla ya Isha shangazi wote wa Kisauni wanajua. Anayeficha huongeza aibu juu ya majuto, na aibu ndiyo humfanya asirudi kusajili yuniti inapofika zamu yake.

Siku matokeo yanapotoka, kundi la darasa litawaka. Zima simu mpaka kesho yake, kisha muombe aliyepita vizuri madaftari yake kabla hajayatupa.